Waliniambia uvimbe si saratani, sasa sina ziwa. Naweza kudai fidia?

Shikamoo Mama Wakili,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 44, naishi Masasi. Nalima korosho na ufuta, na msimu ukiisha nauza vitenge mnadani. Sijawahi kukanyaga mahakamani hata kama shahidi, kwa hiyo unisamehe nikiandika mambo bila mpangilio.

Mwaka juzi mwezi wa sita nilikuwa naoga, nikashika kitu kigumu kwenye ziwa la kushoto. Hakikuwa kinauma. Nilikaa nacho kwa uoga, halafu nikaenda hospitali ya serikali, huku huku kusini. Daktari akaniuliza kama nanyonyesha. Nikamwambia mtoto wangu wa mwisho yuko darasa la sita. Akasema huenda ni jipu, akaniandikia antibayotiki. Nikamaliza dozi, kitu kikabaki pale pale. Niliporudi wakanichoma sindano nyembamba, wakavuta majimaji kidogo, wakasema sampuli inapelekwa kwenye maabara binafsi. Majibu yalitoka mwezi wa nane: hakuna chembe za saratani, ni uvimbe wa kawaida. Nilishukuru Mungu, nikachinja kuku.

Uvimbe haukuacha kukua. Mwezi wa kumi na moja nilirudi, chuchu imeanza kuingia ndani na ngozi ina vishimo vishimo. Daktari mwingine akafungua faili, akasoma yale majibu ya mwezi wa nane. Hakunishika. Akasema, "Mama, majibu yako ni safi, usijitie hofu," akaniandikia dawa za maumivu. Mwaka jana mwezi wa pili nikarudi tena, jibu likawa lile lile.

Mwezi wa tano mdogo wangu anayeishi Mbagala akanitumia nauli kwa nguvu. Dar es Salaam walinichoma sindano nene, wakachukua kinyama, wakanipiga na picha. Ikaonekana ni saratani, hatua ya tatu, imeshaingia kwenye tezi za kwapani. Nimepewa kemo, ziwa limetolewa lote, nimemaliza mionzi Ocean Road hivi karibuni. Mkono wa kushoto unavimba, siwezi kubeba ndoo wala kuokota korosho kutwa nzima kama zamani. Mume wangu ameuza eka mbili za mikorosho iliyokuwa inazaa. Msimu uliopita sehemu iliyobaki haikupuliziwa salfa kwa sababu hela yote ilikuwa inakwenda Dar.

Daktari mmoja wa Dar aliiona ile karatasi ya mwezi wa nane, akasema, "Hapa kipimo kilitakiwa kurudiwa." Ila hakuandika popote.

Mdogo wangu wa kiume aliwapigia simu wale wa maabara kwa hasira. Wiki iliyofuata akaja mtu aliyejitambulisha kuwa ametumwa nao, akiwa na mwenyekiti wetu wa mtaa. Ameleta shilingi milioni tatu, anasema ni mkono wa pole, pamoja na karatasi ya kusaini kwamba sina madai yoyote sasa na baadaye. Nimewaambia wanipe muda. Mjomba anataka nichukue yaishe, maana binti wa jirani yetu ni nesi pale hospitali na anasema kesi itamfukuzisha kazi mtoto wa watu. Mdogo wangu naye anataka kuweka sura ya yule daktari mtandaoni.

Mama, je, nina haki ya kudai, au haya ni majaliwa tu? Nimechelewa? Ile karatasi nisaini? Na swali ambalo sijaweza kulisema mbele ya mume wangu: nikifa kesi ikiwa bado inaendelea, wanangu watapata chochote?

Mwenye Uchungu, Masasi

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Naanza na lile linalokusubiri hapo nyumbani: karatasi hiyo usiisaini.

Makubaliano ya kumaliza mgogoro ni mkataba. Mtu mzima mwenye akili timamu akisaini mbele ya mashahidi kwamba hana madai sasa na baadaye, kumtoa humo ni kazi kubwa hata kwa wakili hodari. Na angalia hatari yake kwako wewe hasa. Wahusika wako ni wawili, hospitali iliyokuhudumia na maabara iliyosoma sampuli. Ukiifungulia maabara mlango wa kutokea kwa milioni tatu, kesho hospitali itasimama na kusema kosa lote lilikuwa la maabara. Utabaki unamdai mtu ambaye umeshamsamehe.

Kusuluhishana si vibaya, na mjomba hajakosea kupenda amani. Kesi nyingi za aina hii huishia mezani, na hata mahakamani shauri la madai hupitishwa kwanza kwenye usuluhishi kabla ya kusikilizwa. Lakini unasuluhishwa ukiwa unajua unachodai, na leo hujajua. Kama wale watu wanataka kukusaidia matibabu kwa ubinadamu, waambie kwa upole walete barua yenye anwani na muhuri wao, iseme kwamba fedha hiyo haiathiri haki yako ya kudai. Mwenye nia njema haoni shida kuandika sentensi hiyo. Mwenyekiti wa mtaa naye umwandikie barua fupi kwamba bado unatafuta ushauri, ubaki na nakala, ili isije kusemwa baadaye kwamba mlikubaliana.

Umeuliza kama una haki au ni majaliwa. Ugonjwa ni wa Mungu, sibishi. Lakini daktari aliyekaa na mgonjwa mwenye chuchu iliyoingia ndani na ngozi yenye vishimo, asinyanyue mkono kumpima, huyo hajatumwa na majaliwa.

Hata hivyo ni lazima nikuambie mapema jambo ambalo wagonjwa wengi hulisikia wakiwa wameshatumia fedha zao. Mahakama haitoi fidia kwa sababu daktari amekosea, wala kwa sababu mgonjwa ameumia. Sheria ya uzembe tunayoitumia ilitoka Uingereza na mahakama zetu bado huchota huko. Inataka uonyeshe mambo yaliyofungamana: kwamba yule mtu alikuwa na wajibu kwako, kwamba alifanya chini ya kiwango cha mtaalamu mwangalifu wa fani yake, na kwamba upungufu huo ndio uliokuletea madhara unayoyadai. Wajibu haubishaniwi, ulikuwa mgonjwa wake. Kazi iko kwenye hayo mawili yaliyobaki, na mzigo wa kuthibitisha ni wako wewe unayedai.

Tangu kesi ya Bolam ya mwaka 1957, daktari aliyefuata utaratibu unaokubalika na kundi la wataalamu wenzake makini hahesabiwi kuwa mzembe, hata kama matokeo yamekuwa mabaya. Kwa hiyo usijenge madai yako juu ya zile antibayotiki za mwanzo. Wakili wao atasema uvimbe wa ziwa unaweza kuwa maambukizi, kujaribu dawa kwa muda mfupi si dhambi, na huenda akasikilizwa. Nguvu yako iko kwenye zile ziara mbili za mwezi wa kumi na moja na mwezi wa pili. Uvimbe wa ziwa hupimwa kwa njia tatu zinazosomwa pamoja: mikono ya daktari, picha ya ultrasaundi au mamografia, na sampuli. Njia hizo zikipingana, haiaminiwi ile inayofariji, kipimo hurudiwa. Sindano nyembamba inaweza kupita pembeni ya uvimbe ikachota chembe zisizo na tatizo, na hilo linajulikana kwa kila anayeitumia. Ndiyo maana majibu safi hayafungi mjadala wa uvimbe unaoendelea kukua. Wewe ulirudi na dalili mpya ambazo kila mwanafunzi wa udaktari hufundishwa kuziogopa, na hukushikwa, hukupigwa picha, hukurudiwa sindano, hukuandikiwa rufaa. Kama faili linasema unavyosema wewe, kesi yako imekaa hapo.

Kama faili linasema. Basi twende kwenye faili na kwenye kile kioo.

Majimaji waliyovuta yalipakwa kwenye vioo vidogo, slaidi, vikatiwa rangi na kusomwa kwa hadubini. Slaidi haiozi, na maabara inayojiheshimu huzitunza. Ikisomwa upya na mtaalamu mwingine wa patholojia, asiyehusiana na maabara ile, majibu yake yatakuonyesha njia. Huenda akakuta chembe za saratani zilikuwepo tangu mwezi wa nane na msomaji hakuziona, hapo maabara ina la kujibu. Huenda akakuta chembe zilikuwa chache mno kutolea uamuzi. Hapo napo kuna tatizo, kwa sababu jibu sahihi lingekuwa sampuli haitoshi, rudieni, na si kuandika kwamba hakuna saratani. Au huenda slaidi ikawa safi kweli, sindano haikufika mahali pake. Usivunjike moyo likitokea hilo la mwisho. Maabara itatoka, lakini swali litahamia kwa waliokuona baadaye wakajificha nyuma ya karatasi. Bila slaidi hiyo utamshitaki mtu asiye sahihi, au utashitaki wote na kulipa gharama za yule aliyeonewa.

Kwa hiyo, kabla ya wakili, kabla ya kikao cha ukoo, andika barua mbili. Moja iende maabara, ukitaka slaidi zako zitunzwe zisiharibiwe na zitolewe kwa ajili ya kusomwa mahali pengine. Nyingine iende kwa mganga mfawidhi wa hospitali, ukiomba nakala iliyothibitishwa ya faili lako lote: maelezo ya kila ziara, fomu iliyopelekwa na sampuli, majibu, na dawa ulizoandikiwa. Ile fomu ya sampuli usiisahau. Kama daktari aliandika maelezo mafupi au akaficha ukubwa wa uvimbe, msomaji wa slaidi aliongozwa vibaya. Hospitali nyingi za serikali siku hizi zinatumia mfumo wa GoTHoMIS, kwa hiyo hata kama jalada la karatasi limepotea, ulizia kilichoingizwa kwenye kompyuta. Haki yako ya kupata taarifa zako mwenyewe imo kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nawe itaje kwenye barua. Kila barua iwe na nakala, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakikataa kugonga, tuma kwa posta kwa rejista na utunze risiti. Slaidi zikitolewa, iandikwe nani amezitoa, nani amezipokea na siku gani, zisipite mikononi mwa watu bila maandishi. Mdogo wako mwenye hasira asiende kuzichukua.

Hivyo vyeti vyako na karatasi ya mwezi wa nane, toa nakala leo. Originali kaa nazo wewe, asipewe mtu hata awe wakili.

Sasa lile jambo gumu kuliko yote, nalo ndilo linaloangusha kesi za saratani iliyochelewa kugunduliwa. Uingereza kulikuwa na kesi ya Gregg dhidi ya Scott, iliyofika kwenye mahakama ya juu ya nchi ile na kuamuliwa Januari 2005. Mgonjwa alimwonyesha daktari uvimbe chini ya kwapa, akaambiwa ni mafuta tu. Ilikuwa saratani ya tezi, na ikachelewa kutibiwa kwa karibu miezi tisa, muda ule ule uliopotea kwako kuanzia Agosti hadi Mei. Daktari alionekana mzembe. Lakini wataalamu walisema nafasi yake ya kupona tangu mwanzo ilikuwa asilimia 42, na kuchelewa kuliishusha hadi asilimia 25. Majaji watatu dhidi ya wawili wakasema: hata angetibiwa mapema, kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba asingepona, kwa hiyo haikuthibitishwa kuwa uzembe ndio uliomnyima uponyaji. Akakosa. Hukumu hiyo haifungi mikono ya majaji wetu, lakini ujue kabisa kwamba wakili wa upande wa pili ataibeba.

Inavyonifundisha ni kwamba usidai uhai ambao hakuna ajuaye ungekuwa mrefu kiasi gani. Dai kile ambacho ucheleweshaji umekuongezea na kinaweza kuonekana. Hatua ya ugonjwa ilivyopanda. Ziwa kutolewa lote, kama mwezi wa nane ingewezekana kutoa uvimbe peke yake. Tezi za kwapani kukatwa, na mkono kuvimba kwa sababu hiyo. Kemo ambayo huenda ingekuwa fupi, au nyepesi zaidi. Miezi ya maumivu ukiwa na dawa za kutuliza tu. Haya hayahitaji mtu abashirie siku ya kufa kwako, yanahitaji daktari bingwa anayekutibu sasa aandike barua.

Na namna ya kumwomba ni muhimu. Ukimuuliza, "Je, wenzako walikosea?" atakukwepa, nami simlaumu, kwa sababu daktari kumsema daktari mwenzake ni jambo zito katika nchi yenye mabingwa wachache wanaojuana wote. Yale maneno aliyokuambia yule wa Dar kwa mdomo hayatakusaidia, mahakama haitapokea kwamba mtu fulani alitikisa kichwa. Muulize ya tiba tupu. Uvimbe wa ukubwa ulioandikwa mwezi wa nane kwa kawaida hutibiwaje? Je, ingelazimu kutoa ziwa lote? Huu uvimbe wa mkono umetokana na nini, na utaisha? Majibu ya maswali hayo hayamtukani mtu, lakini yakikaa pembeni ya faili lako yanasema yote.

Upande wa fedha, hasara uliyoitumia mfukoni lazima itajwe shilingi kwa shilingi na ithibitishwe. Mahakama ya Rufani ilishasema hivyo katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe mwaka 1992, na tangu hapo linanukuliwa karibu kila siku. Tafuta tiketi za basi, zako na za aliyekusindikiza. Risiti za vipimo na dawa. Meseji za malipo ya simu, ambazo mtandao wako unaweza kukuchapia taarifa yake. Hati ya kuuziana zile eka mbili. Hasa nenda AMCOS yenu, yaani chama cha msingi cha ushirika: wana kumbukumbu za kilo ulizopeleka ghalani msimu baada ya msimu na malipo yaliyofuata mnada. Mtu anayesema mavuno yake yalishuka kwa sababu alikuwa kitandani na shamba halikupata salfa huaminiwa nusu, mwenye karatasi ya chama cha msingi huaminiwa. Biashara ya vitenge ni ngumu zaidi kuithibitisha, lakini hata daftari lako la madeni na maelezo ya anayekuuzia jumla yatafaa.

Maumivu, aibu, ziwa, mkono, hayo yana fidia ya jumla, na kiasi chake ni busara ya mahakama. Sitakutajia kiwango. Anayekutajia mabilioni kabla ya kuona slaidi mkimbie.

Umechelewa? Hujachelewa, lakini muda unakatika. Sheria ya Ukomo inatoa miaka mitatu kwa madai ya uzembe. Usihesabu kuanzia siku ulipogundua ukiwa Dar, hesabu kuanzia majibu ya mwezi wa nane mwaka juzi, ili asiwepo wa kubishana nawe. Mwisho wako basi ni mwezi wa nane mwakani. Sheria hiyo hiyo ina kipengele kinachotoa mwaka mmoja tu kwa madai ya fidia ya jambo lililofanywa au kuachwa kwa kisingizio cha kutekeleza sheria iliyoandikwa. Kumtibu mgonjwa kwa uzembe si jambo la aina hiyo kwa maoni yangu, lakini wakili wako awe na jibu tayari kwa atakayekitumia. Waziri mwenye dhamana ya sheria anaweza, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu, kuongeza muda usiozidi nusu ya ule wa kawaida. Huo ni mlango wa waliokwama, wewe usiupange.

Kwa kuwa hospitali ni ya serikali, kuna kizingiti kingine: notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi. Kama ni hospitali ya wilaya, iko chini ya halmashauri, notisi inakwenda kwa mkurugenzi. Kama ni ya rufaa ya mkoa, iko chini ya Wizara ya Afya. Nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye tangu marekebisho ya mwaka 2020 lazima aunganishwe kwenye kesi hata dhidi ya halmashauri. Kesi yenyewe hufunguliwa Mahakama Kuu, nayo kwa mikoa ya Mtwara na Lindi iko pale Mtwara mjini, kwa hiyo huhitaji kuhamia Dar. Kesi zinazofukuzwa kwa kukosa notisi au kukosea jina la mdaiwa zinaniuma sana, kwa sababu mgonjwa anarudi nyumbani bila mtu hata kusikiliza alivyoumia. Jina kamili la maabara litafutwe BRELA, wakala wa usajili wa biashara, lile la kwenye bango la dukani halitoshi.

Malalamiko kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika ni njia nyingine, tofauti na kesi. Kazi yake ni nidhamu: kuonya, kusimamisha, kufuta jina. Fidia usiitegemee huko. Ila uchunguzi wake unaweza kukupatia maoni ya kitaalamu ambayo wewe huna fedha ya kuyanunua, kwa hiyo peleka malalamiko yako kwa maandishi, bila matusi, ukiambatanisha nakala. Wataalamu wa maabara nao wana baraza lao.

Kuhusu binti wa jirani, mwambie mjomba hivi: wanaodaiwa ni mwajiri na maabara, kwa sababu mwajiri hubeba makosa ya watumishi wake wakiwa kazini. Nesi ambaye hakusoma majibu wala hakukuona kwenye chumba cha daktari hana pa kuingia. Mjomba ana sauti kubwa katika ukoo, najua kwetu huku, na ni bora umwelimishe kuliko umzunguke.

Na mdogo wako aweke simu chini. Akirusha sura ya daktari na kumwita muuaji, atawapa kesi ya kashfa ambayo hawakuwa nayo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haimwangalii aliyeumia. Hasira yake ina kazi: mpe afuatilie mihuri ya zile barua.

Wakili wa kulipa kama hapatikani, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yenu wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa ni akina nani. Hao hawawezi kukusimamia mahakamani, lakini watakusaidia kuandika barua na kukuelekeza kwa mashirika yenye mawakili, kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Ukipata wakili wa kulipa, ada yake iwe kwenye maandishi kabla hajapokea shilingi.

Swali lako la mwisho nimelisoma zaidi ya mara moja. Jibu ni kwamba madai hayafi nawe. Sheria yetu inayohusu vifo na madai ya marehemu inaruhusu haki uliyokuwa nayo iendelee kwa faida ya mirathi, na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndiye anayeingia mahali pako. Kinachoweza kufa ni ushahidi wako, kwa sababu yaliyosemwa ndani ya chumba cha daktari unayajua wewe. Basi kaa na mtu unayemwamini, uandike kila ziara: tarehe kadiri unavyokumbuka, ulisema nini, ulijibiwa nini, nani alikuwa mlangoni. Kisha uape mbele ya kamishna wa viapo. Hakimu au wakili yeyote hapo Masasi anaweza kukuapisha. Na umwambie mume wako kwamba umeniuliza hili. Yeye ndiye atakayezishika karatasi hizo siku ukiwa umelazwa, hawezi kuzishika asizozijua.

Kliniki usikose hata moja kwa sababu ya kesi. Zaidi ya kwamba ni uhai wako, ukiruka kliniki wataandika kwamba madhara yamezidi kwa uzembe wako mwenyewe. Nauli ikikushinda, muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali unayotibiwa, umweleze hali yako. Na huo mkono waambie wakuonyeshe mazoezi na namna ya kuufunga, uvimbe wa aina hiyo unapungua ukishughulikiwa mapema.

Barua ya maabara ianze. Ukishagongewa muhuri, nitumie nakala yake pamoja na picha ya majibu ya mwezi wa nane, nikusaidie kuandika notisi.